Porsche haikuwahi kushinda Safari

Ubishi ulianzia Sinza, kwenye meza ya plastiki, chipsi zikiwa zimeshapoa. Jamaa yangu mmoja ana Toyota Altezza ya gia za mkono. Mwingine ana Subaru Impreza yenye turbo. Wa tatu hana gari kabisa, ila ndiye aliyebisha kwa sauti kubwa kuliko wote, akisema kwamba ukitaka raha ya kuendesha kila siku hakuna kinachoizidi Porsche 911. Mimi nilikuwa kimya kwa sababu moja tu. Nina akiba kidogo ya kununua gari, na gari hilo, pamoja na kunipeleka kazini, litabidi linifikishe kwetu Ngara angalau mara mbili kwa mwaka. Ni zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dar, na zile za mwisho, kuanzia Nyakanazi, hazina utani.

Sasa wadau, kabla sijasema nimeamua nini, naomba nirudi nyuma kidogo kwenye historia. Swali hili la gari gani la kasi linafaa maisha ya kila siku lilishaulizwa huku kwetu kwa zaidi ya miaka ishirini mfululizo, na wazungu, Wajapani na Wahindi waliolipa fedha nyingi kupata jibu. Mashindano yenyewe yalikuwa na jina la Kiswahili: Safari.

Yalianza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kilichonivutia nilipoanza kusoma habari zake ni kwamba magari yale ya mwanzo yalikuwa yaleyale ya dukani, na yaligawanywa kwenye madaraja kufuatana na bei yake. Yaani daktari au mwenye shamba la kahawa aliweza kuingia na gari lake la kwendea sokoni. Mwaka 1954 ilishinda Volkswagen ile ya mgongo wa kobe. Hakukuwa na uwanja maalumu wa mbio. Barabara ilikuwa ni hii hii tunayoijua: vumbi jekundu asubuhi, tope mchana, na usiku ng'ombe amesimama katikati anakuangalia kana kwamba wewe ndiye umepotea.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakafika saba. Saba tu! Mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yakafika saba tena, na mshindi akawa Nowicki yuleyule, gari lilelile. Katikati yake, 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, naye kwa Peugeot 404. Injini ya lita 1.6, nguvu za farasi zisizofika 100. Altezza ya jamaa yangu ina zaidi ya mara mbili ya hizo na bado anasikitika kwamba haina turbo.

Mzee wangu anazikumbuka Peugeot vizuri. Alikuwa dereva wa shirika moja la kanisa, na gari lake la kwanza kulikabidhiwa kazini lilikuwa Peugeot 504 ya pikapu. Pasaka alikuwa akisikiliza Safari kwenye redio ya mkulima, antena imefungwa waya mpaka kwenye mti wa mwembe. Kwake majina yale hayakuwa ya watu wa mbali. Nowicki na Shankland walikuwa wakiendesha kitu cha ukoo mmoja na kile alichokuwa akibebea mifuko ya saruji kwenda Rulenge. Nikimuuliza leo 504 ilikuwa na raha gani, hasemi kasi. Anasema, "Ilikuwa inakunja magoti." Nilichukua muda kumwelewa. Anamaanisha springi zake ndefu, jinsi gurudumu lilivyoshuka shimoni na kupanda bila kuutikisa mwili wa gari, kama mtu anayejua kushuka mlima na mzigo kichwani.

Hebu sasa tuje kwa Porsche, maana rafiki yangu wa tatu atasema namkwepa.

Porsche 911 ilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, na sifa yake tangu mwanzo ilikuwa hiyohiyo anayoisema jamaa: gari la michezo unaloweza kwenda nalo ofisini. Kwa Ulaya ni kweli tupu. Wenyewe wakaamua kuthibitisha Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada wa Poland alimaliza wa pili kwa 911, nyuma ya Hannu Mikkola na Ford Escort RS1600. Mikkola ndiye dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari. Mwaka 1974 Björn Waldegård alimaliza wa pili, nyuma ya Joginder Singh. Naye Joginder alikuwa kwenye Mitsubishi Lancer ya lita 1.6! Mwaka 1978 Porsche wakarudi na hasira. Walileta 911 SC zilizopakwa rangi za Martini, wakazinyanyua mpaka sakafu ikawa sentimita 28 kutoka ardhini. Kumbuka hizo sentimita 28, nitazirudia. Waldegård akaongoza mwanzoni, gari likaumia miguu, akamaliza wa nne. Vic Preston mdogo akawa wa pili. Mshindi? Jean-Pierre Nicolas, Peugeot 504.

Ilikuwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6, sitaki kudanganya, si pikapu ya mzee. Lakini ukoo ni uleule. Mara tatu Porsche imekuwa ya pili, na ushindi wa jumla wa Safari haikuwahi kuupata.

Msomaji mwepesi atasema basi, somo limeisha, magari ya michezo hayafai, nunua sedani. Hapana. Hapo ndipo historia inapokuwa tamu, kwa sababu kuna Datsun 240Z. Hiyo ni gari ya michezo kweli kweli: viti viwili, pua ndefu, injini ya silinda sita ya lita 2.4. Ilishinda Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Ile ya 1973 Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na pointi sawa za adhabu, Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kuadhibiwa. Kwa nini 240Z iliweza na 911 haikuweza? Nijuavyo mimi, si suala la nguvu. Datsun walichukua injini ya familia yao ya magari ya kawaida, wakaweka miguu inayojitegemea mbele na nyuma, wakaiuza Marekani kwa takriban dola 3,500. Fundi aliyezoea Datsun za kawaida hakuwa mgeni kabisa mbele ya boneti yake. Ikivunjika Bunda au Babati, kuna mtu anajua pa kuanzia.

Nisimame kidogo kwa huyu Mehta, maana sisi wa Kagera tuna deni naye ingawa yeye hakujua. Alizaliwa Uganda mwaka 1945. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, familia yake ilikuwa miongoni mwao, akahamia Kenya. Miezi michache baadaye akashinda Safari. Amin huyohuyo mwaka 1978 akavamia Kagera, na hadithi ya vita hiyo kila nyumba kwetu inayo. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Siku chache tu baadaye, Pasaka hiyohiyo, Mehta akashinda tena Safari, safari hii kwa Datsun 160J, sedani ya kawaida kabisa kwa sura, na nyuma yake alikuwa Mikkola kwenye Mercedes 450 SLC yenye injini ya lita tano na gia za oto. Mzee anasema kwenye redio yake wiki ile habari zilikuwa ni hizo mbili tu, Kampala na Safari, na watu waliokaa chini ya mwembe walishangilia zote kwa sauti ileile. Mehta akashinda pia 1980, 1981 na 1982, mara tano kwa jumla, zote akiwa na Datsun. Alifariki London mwaka 2006.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yamebaki Kenya peke yake. Hatukuziona tena kwa macho gari zile upande wetu. Tulikuja kuziona watoto wake, zikiwa zimetumika, kwenye meli kutoka Japani. Impreza iliyotoka mwaka 1992 ilishinda Safari 1997 ikiwa na Colin McRae, na 2000 ikiwa na Richard Burns. Lancer ilishinda 1996 na 2001 ikiwa na Tommi Mäkinen. Celica ndiyo usiseme, tangu 1984. Kwa hiyo ukimwona kijana wa Sinza anapiga kelele na Impreza yake saa nne usiku, mkasirikie, lakini jua kwamba anaendesha mjukuu halali wa ile barabara ya tope.

Wakati huohuo Ngara ilipata historia yake nyingine ya magari, ambayo haina kombe.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Ndani ya takriban saa 24 walivuka zaidi ya 200,000. Kambi ikaota pale Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Wilaya iliyozoea kuhesabu magari kwa vidole ikajaa Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu. Watoto wa rika langu na kaka zetu tulijifunza kutofautisha Land Cruiser na Land Rover kwa mlio tu, kabla halijatokea kwenye kona. Mzee, ambaye kazini walikuwa wamemhamisha kutoka 504 kwenda kwenye Land Cruiser "mkonga", siku zile alikuwa akibeba maji na wagonjwa. Kipande cha barabara alichozoea kukimaliza kwa dakika ishirini kilimchukua nusu siku. Gia ya kwanza, mguu kwenye klachi, watu wamejaa barabara nzima mbele na nyuma, wengine wameshika boneti ili wasianguke. Anasema tangu siku ile hakuweza tena kukimbiza gari kwenye kipande hicho hata kikiwa kitupu. Simlazimishi aeleze zaidi.

Baadaye ikaja miaka ya majambazi. Waliosafiri Biharamulo enzi hizo wanakumbuka pori la Kasindaga upande wa Muleba, na mapori ya kuelekea Ngara. Mabasi na malori yalisubiriana, yakaondoka kwa msafara na askari wenye silaha. Hapo ndipo kasi ilipokuwa na maana nyingine kabisa. Hukukimbia kwa raha, ulikimbia kwa sababu gari la nyuma ndilo linalobaki peke yake. Nilisafiri kwenye misafara hiyo nikiwa mwanafunzi, nimekaa kiti cha dirishani, na naweza kuapa kwamba basi lile kuukuu lilikuwa na kasi kuliko Impreza yoyote.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini nikirudi nyumbani na kuongelea raha ya kuendesha, watu wazima wananiangalia kidogo pembeni.

Basi. Mwaka jana nilipata bahati ya kufanya jaribio langu mwenyewe, maana wale jamaa wawili wa Sinza walikuja Biharamulo kwenye harusi, kila mmoja na gari lake, nami nikaomba funguo zote mbili. Tulianzia mjini Biharamulo, chini ya boma la Wajerumani. Lami ya kwenda Lusahunga, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, ni nzuri, na hapo Altezza ilinishika moyo. Usukani wake unakuambia kila kitu. Mzunguko wa injini ukivuka 6,000 inabadilika sauti, gia ya mkono inaingia kwa kifundo tu cha mkono, nyuma inasukuma na mbele inaelekeza, kila upande na kazi yake. Ilikuwa gari la mwaka Japani ilipotoka, 1998, na nikaelewa kwa nini. Kwa takriban dakika ishirini nilikuwa tayari kumpa jamaa akiba yangu yote hapohapo.

Impreza kwenye lami ileile ilinichosha. Turbo inalala, unakanyaga, inaamka, na ikiamka tayari uko kwenye kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi amekaa chini ya mti. Nguvu zote zile unazitumia kwa sekunde tatu, halafu kijiji. Tena imeundwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100, na wese la vituo vyetu vya njiani mara nyingi halifiki huko. Jamaa mwenyewe anakiri kwamba anaishi kwa hofu ya kusikia injini inagonga.

Tulipopinda Lusahunga kuelekea Rusumo, mambo yakageuka. Hizo ni kama kilomita 90, njia ya malori ya Kigali na Bujumbura, na wakati ule kulikuwa na vipande virefu vya lami kuukuu iliyoliwa na mashimo, pengine imebaki kingo tu. Altezza, ikiwa na matairi yake ya ubavu mfupi, ikawa adhabu. Kila shimo lilipanda mpaka kwenye meno. Karibu na Nyakahura niligonga sampo, tukateremka wote kuangalia chini kama watu wanaotafuta shilingi iliyopotea. Haikuvuja, lakini raha iliishia pale. Kutoka hapo niliendesha kilomita 30 kwa saa, malori yakinipita na madereva wake wakicheka.

Nikahamia Impreza. Hapo nikamwona babu yake. Springi zinashuka, magurudumu manne yote yanavuta, ukikosea kona ya changarawe inakurudisha taratibu bila kukutukana. Kwenye mwendo wa 60 tu nilikuwa na kazi ya kufanya kila sekunde, nichague mstari, nishushe gia, niachie. Turbo sikuihitaji hata mara moja. Tulipofika Benaco nilikuwa nimelowa jasho na nacheka peke yangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba raha niliyokuwa nayo ilikuwa ni ya ile sehemu ya gari ambayo hata Impreza ya bei nafuu, isiyo na turbo, inayo. Nguvu 280 ambazo Wajapani waliwekeana kikomo chake kwa miaka mingi hazikuwa na barabara ya kukaa.

Ndugu yetu wa Porsche alikuwa kwenye kiti cha nyuma siku hiyo. Mbele kidogo tukasimama kuangalia daraja jipya la Rusumo, lililozinduliwa mwaka 2016, pale ambapo malori yanavuka mto Kagera na kubadili upande wa barabara, maana Rwanda wanaendesha kulia. Akaniambia, "Lakini upande wa pili ni lami safi. Huko 911 ingefaa." Ni kweli. Sikumbishia. Ila mimi kwetu ni upande huu.

Kwa hiyo mwezi uliopita nilinunua Impreza: ya gia za mkono, lita 1.5, hakuna turbo, hakuna mdomo wa hewa kwenye boneti, rangi ya fedha kama ya mwalimu mkuu. Sinza wamenicheka mpaka wamechoka. Nimeiendesha Dar hadi Ngara kwa siku mbili, nikalala Kahama.

Mzee hakuuliza bei wala kasi. Alizunguka mara moja, akagonga tairi kwa kisigino, kisha akapiga magoti kwenye vumbi pale uani, akanyoosha mkono na kupima shibiri kutoka ardhini mpaka kwenye sakafu ya gari. Nikakumbuka sentimita 28 za Porsche, shibiri moja na robo hivi. Shibiri ya mzee haikuingia. Akakunja vidole viwili, ikaingia.

"Nyakahura umepitaje?" akaniuliza, bado amepiga magoti.

"Polepole, Baba."

Akanyoosha mkono nimwinue, akajifuta vumbi, akaniomba funguo.